Dawa ya kutu kwenye maganda ya matunda: Fedha iko upande gani?

Kila jioni wauza juisi na wachuuzi wa matunda katika soko la Buguruni, Dar es Salaam, huacha nyuma yao marundo ya maganda ya machungwa, maembe na mananasi. Maganda hayo huoza, hujaa nzi, na mwishowe husombwa kwenda jalalani kwa gharama ya mtu fulani. Hali ni hiyo hiyo kwenye viwanda vya kukamua juisi, ila huko taka huhesabiwa kwa tani, na mwenye kiwanda hulipia malori ya kuiondoa.

Sasa yako maneno yanayowavutia wenye mitaji midogo: kwamba taka hiyo inaweza kugeuzwa dawa ya kuzuia kutu kwenye chuma na kuuzwa kwa viwanda. Maneno hayo si uzushi. Yamepimwa katika maabara nyingi duniani, na baadhi ya vipimo vilifanyika hapa hapa Tanzania. Hata hivyo, kati ya maabara na soko kuna umbali, na wako watakaopoteza fedha njiani wakidhani kila kilo ya ganda ni kilo ya mali.

Kutu si jambo dogo katika hesabu za dunia. Taarifa ya chama cha kimataifa cha wahandisi wa kutu, NACE, iliyotolewa mwaka 2016, ilikadiria kuwa hasara itokanayo na kutu duniani ni Dola za Marekani trilioni 2.5 kwa mwaka, sawa na asilimia 3.4 ya pato la dunia kwa hesabu za mwaka 2013. Taarifa hiyo hiyo ilisema kati ya asilimia 15 na 35 ya hasara hiyo ingeweza kuepukwa kwa kutumia njia ambazo tayari zinajulikana. Mwenye nyumba ya bati kule Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kusomewa taarifa hiyo. Upepo wa chumvi umekwisha mfundisha.

Mteja ni nani?

Wengi wakisikia dawa ya kutu hufikiria rangi nyekundu inayopakwa kwenye mageti. Hiyo ni biashara nyingine. Dawa inayozungumzwa hapa kwanza kabisa ni ile inayotiwa ndani ya tindikali.

Kiwanda cha mabati, nyaya au mabomba hakiwezi kupaka zinki juu ya chuma chenye kutu. Kwa hiyo chuma hutumbukizwa kwanza katika birika la tindikali, aghalabu ya haidrokloriki, ili magamba na kutu vitoke. Tabu ni kwamba tindikali haijui kuchagua. Ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Chuma hupungua uzito, tindikali huisha kabla ya wakati wake, na gesi ya haidrojeni inayozaliwa huingia ndani ya chuma na kukifanya kiwe rahisi kukatika. Mwenye kiwanda hupata hasara mara tatu kwa kosa moja.

Ndipo inapoingia dawa. Chembe zake hujibandika juu ya uso wa chuma kama utando mwembamba sana, tindikali ikaendelea kula kutu huku chuma kizima kikiachwa. Dawa zinazotumika viwandani kwa kazi hii ni pamoja na heksamini, thiourea na pombe ya propajili. Zinafanya kazi vizuri, lakini baadhi yake ni sumu. Katika shughuli nyingine za kuhifadhi metali ilizoeleka kromiamu ya aina ya sita, ambayo huleta saratani. Umoja wa Ulaya uliweka Septemba 21, 2017 kuwa mwisho wa kutumia kromiamu trioksaidi bila kibali maalumu. Mambo ya namna hii ndiyo yaliyowafanya watafiti waanze kupekua jalala.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1895 huko Uingereza ilitolewa hataza ya kutia molasi na mafuta ya mimea katika tindikali ya kusafishia bamba za chuma. Katika miaka ya 1930 zilitumika dondoo za mimea ya porini katika mabirika ya tindikali ya salfa. Baadaye kemikali za viwandani zikawa rahisi na mimea ikasahauliwa.

Kilichopatikana Rio de Janeiro

Kazi inayotajwa mara kwa mara kuhusu maganda ya matunda ni ya watafiti wa Rio de Janeiro, Brazil, iliyochapishwa mwaka 2010. Walichukua maganda ya embe, chungwa, pasheni na tunda la mkorosho, wakayachemshia maji tu bila kemikali ya gharama, kisha wakatia dondoo lake katika tindikali ya haidrokloriki yenye chuma cha kaboni. Uchache wa kutu uliongezeka kadiri dondoo lilivyoongezwa. Brazil ni nchi inayoongoza kwa kuuza juisi ya machungwa duniani, kwa hiyo hawakukosa malighafi. Mwaka uliofuata ilichapishwa kazi nyingine kutoka Brazil kuhusu machicha ya kahawa iliyokwisha chujwa, nayo ikaonyesha mwelekeo ule ule.

Msomaji anayekutana na tarakimu za asilimia katika habari hizi inafaa ajue zinatoka wapi, kwa maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Kipande cha chuma hupimwa uzito, hutumbukizwa katika tindikali tupu kwa saa kadhaa, kisha hupimwa tena. Kikipungua miligramu 100, na kipande cha pili kilichokaa katika tindikali yenye dawa kikipungua miligramu 10, husemwa dawa ina ufanisi wa asilimia 90. Basi. Tarakimu hiyo ni ya tindikali ile, joto lile na muda ule. Haisemi chochote kuhusu bahari, mvua wala tangi la mafuta.

Watafiti wa Rio wenyewe waliandika kuwa ufanisi ulipungua joto lilipopanda. Kwa kiwanda kinachochemsha birika lake ili kazi iende haraka, hilo si jambo la pembeni. Utando unaojibandika wakati wa baridi huweza kubanduka wakati wa joto.

Tena iko hatari ya kuelewa vibaya. Ndimu na chungwa ni tindikali zenyewe; kila mama anayesugulia chombo cha shaba kwa ndimu na mchanga analijua hilo. Mtu akimimina maji mabichi ya maganda juu ya chuma akitumaini kukilinda, huenda akakiharakishia kutu. Kinacholinda ni kemia nyingine iliyo ndani ya ganda, zile chembe za jamii ya polifenoli, kama hesperidini ya chungwa na manjiferini ya embe, na kazi yake huonekana pale tu zinapotolewa, zikakaushwa na kupimwa kwa kiasi kinachofaa.

Hesabu ya birika

Hapa ndipo penye uzito kwa mfanyabiashara, na hesabu yake haihitaji maabara.

Chungwa likikamuliwa, karibu nusu ya uzito wake hubaki kuwa ganda, machicha na mbegu. Tani moja ya machungwa huacha takriban kilo 500 za taka mbichi. Taka hiyo ina maji kiasi cha asilimia 80, hivyo ikikaushwa hubaki kilo 100 hivi. Ichukuliwe kwa mfano kuwa moja ya tano ya ukavu huo hutoka kama dondoo; mtu atakuwa na kilo 20 mkononi.

Sasa upande wa mnunuzi. Dondoo za aina hii hutumika kwa miligramu mia kadhaa katika lita moja ya tindikali. Kwa miligramu 400, birika la lita 10,000 linahitaji kilo nne tu. Ndiyo kusema lori moja la tani 10 za machungwa lingetoa kilo 200 za dondoo, zinazotosha mabirika 50 ya ukubwa huo, yaani lita nusu milioni za tindikali. Hata kama dawa itaongezwa kila mara kufidia inayopotea, malori machache yanatosha kushibisha viwanda vyote vya mabati na nyaya ambavyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuvifikia.

Kwa maneno mengine, mlima wa maganda hauwezi kumalizwa na dawa ya kutu. Anayetaka kuanza biashara ya kukusanya maganda mitaani kwa matumaini ya kuyauza kwa tani kwa watengeneza dawa ya kutu, anajenga ghala la bidhaa isiyo na wanunuzi wa kutosha. Soko ni la kilo chache zenye ubora usiobadilika, na anayelipwa hapo si mwenye kigari cha maganda bali mwenye maabara.

Na ubora usiobadilika ndio mgumu. Chungwa la Muheza la mwezi Juni si chungwa lile lile la mwezi Novemba. Ganda la embe dodo si ganda la embe bolibo. Unga wa maganda huvuta unyevu na kuota ukungu. Dondoo la maji huchachuka baada ya siku chache kama halikutiwa kihifadhi. Tindikali iliyokwisha kazi ikiwa imejaa uchafu wa mimea huongeza mzigo kwenye usafishaji wa maji taka, jambo ambalo wasifiaji wa dawa za asili hulipita haraka. Msimamizi wa birika la tindikali hataki kusikia habari za msimu. Anataka mfuko wa leo ufanye kazi sawasawa na mfuko wa mwaka jana, na bei isishinde ya heksamini, ambayo ni rahisi kwa kuwa hutengenezwa duniani kwa wingi mkubwa.

Njia yenye akili zaidi kwa kiwanda cha juisi ni kutolitegemea soko moja. Ganda la chungwa lina mafuta ya kunukia, lina pektini inayotumika katika jemu, na mabaki yake hukaushwa kuwa chakula cha ng'ombe. Brazil imekuwa ikiuza chakula hicho Ulaya kwa miaka mingi. Dondoo la kuzuia kutu linaweza kuwa bidhaa ya nne katika mfuatano huo, likabeba sehemu ndogo ya gharama. Likibebeshwa gharama zote peke yake litaanguka.

Ganda ambalo tayari lina bei

Liko ganda moja ambalo hadithi yake ni tofauti, nalo linahusu Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani moja kwa moja. Ni ganda la korosho.

Ndani ya ganda hilo mna mafuta meusi yanayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji wa mkono hupaka majivu au mafuta mengine viganjani kabla ya kazi. Mafuta hayo ni karibu robo ya uzito wa ganda. Yakipashwa moto, asidi ya anakadiki iliyomo hugeuka kuwa kadanoli, na kadanoli ni malighafi inayonunuliwa duniani. Hutengenezewa vitu vya breki za magari, na pia kigumishi cha rangi za epoksi kinachoitwa fenalkamini. Rangi hizo hupakwa kwenye meli na vyuma vya baharini kwa sababu hukauka hata kukiwa na baridi au uso ukiwa na unyevunyevu. Hii ni kinga ya kutu itokanayo na taka ya zao la shambani, na iko sokoni kwa miongo kadhaa.

Mafuta hayo yamejaribiwa pia kama dawa ya kutiwa majini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyapima katika maji ya chumvi yaliyojazwa gesi ya ukaa, hali inayofanana na ile ya mabomba ya visima vya mafuta na gesi, wakakuta kutu kwenye chuma cha kaboni ilipungua sana. Wakati huo gesi ya Songosongo ilikuwa bado haijafika Dar es Salaam. Ilifika mwaka 2004. Bomba la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Kwa hiyo mkoa ule ule wenye korosho nyingi ndio wenye gesi ya Mnazi Bay. Gesi inayosafirishwa mbali hukaushwa kwanza, na hivyo kazi ya dawa kama hiyo huwa zaidi kwenye visima na mabomba yaliyo kabla ya mtambo wa kusafishia.

Linaloumiza ni hesabu ya gunia. Mnunuzi wa korosho ghafi hupima ubora kwa paundi za kiini kinachopatikana katika gunia la kilo 80. Korosho ya paundi 48 hutoa karibu kilo 22 za kiini. Kilo 58 zinazobaki ni ganda hasa, pamoja na ngozi nyembamba na upotevu kidogo. Ganda hilo kama ni kilo 56, lina kilo 14 hivi za mafuta. Katika bei ya mnada ganda halitajwi. Linapanda meli bure, linashukia India au Vietnam, na huko linakamuliwa.

Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kwa makisio ya ganda kuwa asilimia 70, ni tani 210,000 za maganda, yenye tani zaidi ya 50,000 za mafuta katika hesabu ya karatasi. Mashine haikamui yote, na sehemu kubwa ya korosho imekuwa ikiuzwa ghafi. Lakini hata robo ya kiasi hicho ingekuwa biashara inayofaa kuitwa biashara, tofauti na kilo nne za birika la tindikali.

Jaribio la kubangua nyumbani lina historia yenye makovu. Tanzania ilijenga viwanda vikubwa 12 kwa mikopo, vingi katika miaka ya 1970, wakati zao limefikia tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000 na viwanda vikabaki magofu. Msumbiji ilipunguza ushuru wa korosho ghafi katika miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia, na viwanda vyake vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kenya ilichukua njia ya kinyume, ikapiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi nje mwaka 2009. Katika nchi zote tatu mabishano yalikuwa juu ya kiini. Ganda lilikuwa abiria tu.

Mwenye mtaji mdogo aangalie nini

Kwa mwenye karakana ya kubangua, swali la kwanza ni namna anavyopasha korosho moto. Anayekaanga katika bafu la mafuta ya ganda hupata sehemu ya mafuta wakati huo huo. Anayetumia mvuke hubaki na ganda likiwa bado na mafuta yake, na anahitaji mashine ya kukamulia ya parafujo. Makapi yanayobaki huwaka vizuri na kuendesha bwela, hivyo kuni hupungua. Mafuta yasipate maji, na mfanyakazi asiachwe bila glavu. Kidonda cha mafuta haya hakisahauliki upesi. Wanunuzi wa nje hupima unyevu, uchafu na uzito wa mafuta kabla ya kutaja bei, na shehena iliyochanganywa na maji hurudishwa.

Kwa mwenye kuletewa mpango wa maganda ya machungwa au maembe, maswali ni mengine. Je, kuna kiwanda chenye birika la tindikali kilichokwisha ijaribu dawa hiyo kwa joto lake halisi, na kwa muda gani? Mfuko wa kwanza na wa kumi vilipimwa vikatoa jibu moja? Nani atapokea mabaki ya tindikali? Anayeonyeshwa karatasi yenye asilimia 90 na ombi la amana ya mashine za kukaushia, bila jina la mnunuzi hata mmoja, anaombwa kulipia utafiti wa mtu mwingine.

Wako waliokwisha vuka daraja hili. Njombe, kampuni ya miwati ya Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1949 ilijengwa juu ya gome, kitu ambacho mkata mbao wa kawaida angekitupa. Tanini ya miwati ilipata soko katika ngozi kwanza, na tanini za aina hiyo hutumika pia katika maji ya bwela na katika dawa za kugeuza kutu, ambapo huungana na kutu na kufanya utando mweusi wenye rangi ya buluu. Ilichouza ni unga wa daraja linalojulikana, katika mfuko wenye uzito unaojulikana, na gome lenyewe halikutoka kiwandani.

Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba. Wenye karakana wanaotaka kukamua maganda ya msimu huo huhitaji mashine, mapipa na mnunuzi kabla ya mnada wa kwanza, kwa sababu ganda likishaondoka na korosho ghafi bandarini Mtwara halina bei tena upande huu wa bahari.